Tarehe imepita na uchungu hauji: namna ya kungoja mtoto hapa Mombasa

Mimba yangu ya kwanza ilipita tarehe kwa siku tisa, na ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, feni yazungusha joto tu chumbani na miguu imevimba hadi ndara haziingii. Kila asubuhi saa moja simu yalia, ni mavyaa. "Bado?" Bado mama. "Haya mwanangu, Mungu atakufungulia." Saa mbili wifi. Saa tatu jirani apita dirishani na beseni la mahamri, "we bado uko hapa?" utadhani nimechelewa basi la Malindi. Sasa nna watoto watatu na kila jirani au ndugu akifika mwezi wa tisa hunitafuta aniulize yale yale, basi nikaona bora niandike yote pahali pamoja. Mimi si nesi wala daktari, kwa hivyo yule aliyekupima kliniki akikwambia tofauti na mimi, msikize yeye.

Moja ulishike kabla ya yote: wiki hizi kuna mambo ya kuvumilia na kuna mambo hayavumiliwi hata saa moja, na taabu yote yatoka pale mtu anapoyachanganya.

1. Hesabu upya hiyo tarehe

Ile tarehe imeandikwa kwenye kitabu cha kliniki ni makisio. Watoto kama 5 tu kati ya 100 ndio huzaliwa siku yenyewe, waliobaki huja kabla au baada, na mimba ya kwanza ina tabia ya kuchelewa kidogo. Hesabu yake ni rahisi, chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, alafu rudi nyuma miezi mitatu. Yani hedhi ikiwa ilianza 10 Januari tarehe yako ni 17 Oktoba. Hizo ni siku 280, wiki 40.

Lakini hesabu hiyo imetengenezewa mwanamke ambaye siku zake huja kila baada ya siku 28 na aikumbuka tarehe vizuri. Kama zako huja kila siku 35, au ulishika mimba bado wanyonyesha, au ulikuwa ndio umetoka kwa sindano ya miezi mitatu, tarehe yaweza kuwa imewekwa mapema kuliko ilivyo kweli na wewe wajiona umepitiliza kumbe bado. Hapo skani ndio husaidia, lakini skani ya mapema, ile ya miezi mitatu ya kwanza, hiyo hukosea siku chache tu. Skani ya mwezi wa nane yaweza kukosea hadi wiki tatu, sababu hapo wapimwa ukubwa wa mtoto na watoto hawalingani. Kwa hivyo ukiwa na skani mbili na tarehe mbili, ya kwanza ndio ya kushika. Nimeona watu wakifurahia skani ya mwisho kwa sababu tu imewasogezea tarehe mbele.

Nyanyangu naye alikuwa na hesabu yake. Alikuwa na kopo la Kimbo kabatini, kila mwezi ukiandama atia kokwa moja ya tende. Siku kokwa ya tisa ilipoingia akaja kukaa kitandani kwangu ananiangalia tumbo, "mbona huyu hatoki?" Mimi nami nikaingiwa na baridi. Baadaye ndio nikakaa nikahesabu: mwezi wa kuandama ni siku 29 au 30, tisa ni kama siku 266, na nesi ahesabu 280. Yani bibi wa watu ashaanza hofu wiki mbili kabla ya tarehe ya kliniki haijafika! Na ndio maana wazee husema miezi tisa na siku tisa, ile nyongeza ina sababu yake. Kwa hivyo mzee wa nyumbani akikutia wasiwasi muulize kwanza, wahesabu kwa mwezi gani?

2. Andika tarehe tatu ukutani

Ya wiki 40, ya wiki 41, ya wiki 42. Kwa mfano wetu ni 17, 24 na 31 Oktoba. Zibandike kwenye friji au kwenye kabati ya vyombo, popote baba watoto atakapoziona pia.

Wiki 40 ikipita bila uchungu hakuna dharura, waendelea na maisha na kliniki yako. Wiki 41 ndio ya kukamata. Shirika la Afya Duniani, WHO, lashauri mama ambaye yuajulikana kwa uhakika kuwa ametimiza wiki 41 aanzishwe uchungu hospitali, asiachwe tu. Sababu ni kwamba kondo la nyuma huanza kuchoka, maji ya mtoto hupungua, mtoto aweza kwenda choo humo humo tumboni, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda kila siku zinavyosonga. Si kwamba itatokea kwako, wengi huzaa salama, lakini 42 si tarehe ya kufikia ukiwa nyumbani wapika mbaazi.

Na kuna watu ambao huu mwongozo wa kungoja hauwahusu: aliyezaa kwa operesheni, mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mapacha, mtoto aliyekaa kitako au kulala upande, kondo lililokaa chini. Hawa tarehe yao hupangwa na daktari na mara nyingi haifiki hata 40. Usijilinganishe na shoga yako aliyengoja hadi 41 na nusu.

3. Mjue mtoto wako anavyocheza

Hapa ndipo nataka usome polepole. Watu watakwambia "mtoto akikaribia kutoka hutulia, amechoka, hana nafasi". Si kweli! Mchezo hubadilika namna, badala ya mateke ya ghafla wasikia kama anajinyonganyonga na kusukuma, lakini haupungui na hauachi, na wakati wa uchungu wenyewe bado hucheza. Mtoto aliyetulia kuliko kawaida yake ni mtoto anayeomba kuangaliwa.

Kila mtoto ana saa zake. Wangu wa kwanza alikuwa akianza baada ya swala ya isha nikishalala tu, yani mimi ndio nnajinyoosha yeye ndio anaamka. Ukishazijua hizo saa zako wajua na siku ambayo mambo hayako sawa. Ukiwa na wasiwasi lala ubavu, kunywa kitu baridi, zima simu na TV, weka mkono tumboni na uhesabu. Wengi hutumia kipimo cha mara kumi ndani ya saa mbili. Haijafika kumi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi, si baada ya mume kurudi kazini. Na ikiwa tayari wajua moyoni kwamba leo hajacheza, usikae kuhesabu saa mbili, toka. Usijitulize na zile programu za simu za kusikiza moyo wa mtoto pia, mtu asiyejua aweza kusikia mshipa wake mwenyewe akafurahi.

Mimi nilienda mara moja kwa sababu hiyo na mimba ya pili, saa tano usiku, nimevaa dera limegeuka ndani nje. Nesi akaweka kifaa, moyo ukasikika, mtoto akaanza kucheza pale pale kitandani. Nikaona haya. Nesi, mtu mzima yule, akaniambia "rudi hata kesho, mimi nakaa hapa kwa kazi hiyo". Bas, nawe nenda ukaone haya.

4. Uchungu wa kweli na ule wa kukuzuga

Tumbo litakuwa likikaza na kuachia wiki nyingi kabla. Lile la kuzuga huja bila mpango, laumia mbele tu, na ukitembea au ukilala au ukinywa maji mengi na kukojoa lapoa. La kweli huzidi. Ladumu zaidi, lakaribiana zaidi, lauma zaidi, na mara nyingi laanzia mgongoni laja mbele, na uking'ang'ania kuongea katikati yake sauti yakatika.

Chukua karatasi uandike saa kila likianza, wapima kutoka mwanzo wa moja hadi mwanzo wa jingine. Yangu ya kwanza niliandika nyuma ya pakiti ya unga: saa kumi na dakika kumi, kumi na thelathini na moja, kumi na thelathini na nane, kumi na moja na dakika tano. Ukiangalia dakika 21, alafu 7, alafu 27. Hakuna mpango hapo. Lakini mimi nilikuwa nshalia nshaaga watu, tukapanda tuk-tuk kwenda hospitali moja, nesi akanipima akasema mlango wa kizazi umefunga kabisa, akacheka na mwenzake, tukarudi nyumbani kimya. Siku mbili baadaye nikarudi tena, nikarudishwa tena. Niliumia na kile kicheko mpaka leo, lakini kuhusu pakiti ya unga walikuwa na haki.

Usiku wa kweli haukuhitaji hesabu nyingi. Saa nane usiku nilikuwa nimeshika sinki jikoni, dakika saba, sita, sita, tano, na kila likija navuta pumzi kwa mdomo na kuhesabu vigae vya ukutani. Kipimo cha mimba ya kwanza ni hivi: kila dakika 5, ladumu karibu dakika nzima, na imekuwa hivyo kwa saa nzima. Hapo toka. Mimba ya pili na kuendelea usingoje hiyo saa, hao hawana subira, wangu wa tatu nusura azaliwe njiani, pale Buxton.

Na ujue mwanzo huwa mrefu. WHO siku hizi wahesabu uchungu umeshika kasi mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5, na kabla ya hapo waweza kukaa saa nyingi sana, hata siku na zaidi kwa mimba ya kwanza, uchungu waja wapoa. Hizo saa zipitishe nyumbani kama mtoto acheza na maji hayajatoka: kula kidogo kidogo, oga, mtu akusugue kiuno na mafuta ya nazi, lala katikati. Anayekimbilia leba kwa sentimita moja hukaa kitandani anaangalia wenzake wakiingia na kutoka.

5. Ute, maji, damu

Ute mzito kama kamasi wenye alama ya damu ya waridi au kahawia, hiyo ni shingo ya kizazi yajifungua, waweza kuzaa leo au baada ya siku kadhaa. Hakuna haraka.

Maji ni jambo jingine. Yaweza kumwagika pwaa au yakachuruzika tu ukadhani ni mkojo. Vaa pedi safi, si pamba ya kuingiza ndani, angalia rangi, nusa. Mkojo wanuka mkojo. Maji ya mtoto huwa meupe au manjano mepesi. Yakitoka nenda ukaangaliwe hata kama huna uchungu, sababu mlango wa vijidudu ushafunguka, na kuanzia hapo hakuna tendo la ndoa. Yakiwa kijani au kahawia mtoto amekwenda choo, nenda mbio. Na ukiona au ukihisi kitu kama kamba kimetangulia, ni kitovu hicho, piga magoti kifua chini matako juu na watu wakupeleke ukiwa hivyo hivyo.

Damu kama ya hedhi, yani inayolowesha pedi, si ute, hospitali. Maumivu ya tumbo yasiyoachia kabisa katikati, hospitali. Kichwa kugonga kusikoisha, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu, homa, hospitali, na kwa kichwa na macho usianze kusema ni joto la Mombasa. Presha ya mimba hujificha nyuma ya joto.

6. Vitu vya kuleta uchungu, nitakwambia ukweli

Kutembea. Tembea kwa sababu yakusaidia kulala na kutoa gesi, ushahidi kwamba kwaleta uchungu ni mdogo. Mimi jioni nilikuwa naenda Mama Ngina, upepo wa bahari wagonga uso, nanunua mihogo na pilipili na ndimu, narudi. Nilikwenda siku tisa zote. Mtoto hakujali.

Nanasi, pilipili, hakuna kitu, utapata kiungulia. Tende, zipo tafiti ndogo zilizoona waliokula tende kila siku wiki nne za mwisho walifika hospitali mlango umefunguka zaidi, si ushahidi mzito lakini tende ni chakula, kula, ila mwenye sukari aulize kwanza. Na sisi wenye kukijua kisa cha Bibi Maryam chini ya mtende hatuhitaji kusukumwa.

Tendo la ndoa laruhusiwa kama maji hayajatoka, hutoki damu na kondo halijakaa chini. Watu husema laanzisha, yawezekana kidogo, halijathibitika. Kama tumbo limekuwa ngoma na humtaki mtu karibu, usijilazimishe kwa ajili ya dawa.

Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi ya waridi, mimi sina neno nalo, nililinywa mwenyewe, chunga tu maji yawe safi. Dawa za kuchemsha ndio siziwezi. Hujui ni mizizi gani, hujui nguvu yake, na kuna zinazofanya kizazi kikaze bila kuachia hadi mtoto akose hewa. Mafuta ya mbarika nayo huleta kuhara na kutapika, waingia leba huna maji mwilini wala nguvu. Kukandwa tumbo na mkunga wa mtaani ati amgeuze mtoto, hapana, kondo laweza kubanduka. Mgongo na miguu sawa, tumbo aliache.

Na sasa lile ambalo halina mzaha. Kuna tembe za misoprostoli zauzwa kichinichini kwenye baadhi ya machemisti na watu huambizana "weka moja tu utashikwa". Tembe ya kawaida ya hiyo misoprostoli ina mikrogramu 200. Hospitali wakianzisha uchungu hutumia 25, tena mtu amekaa karibu asikiza moyo wa mtoto. Hebu piga hiyo hesabu. Kizazi huweza kupasuka, hasa cha aliyewahi kupasuliwa, ukapoteza mtoto na kizazi na uhai wako usiku mmoja. Sindano ya kuongeza uchungu nyumbani ni hivyo hivyo. Ukishatumia tayari na uko hospitali, sema. Watakugombeza, lakini sema, sababu wakikuongeza dawa juu ya dawa ndio balaa.

7. Joto na usingizi

Lala ubavu, kushoto au kulia, usilale chali, mto mmoja katikati ya magoti mwingine chini ya tumbo. Ukiamka umejikuta chali usiingiwe na hofu, geuka tu. Usiku wa kaskazi mimi nilikuwa nalowesha leso naikamua najifunika miguu chini ya feni, na chupa ya maji kando. Mkojo uwe mweupe, ukiwa manjano ya bizari hujanywa maji. Madafu mazuri. Ikiwa ni Ramadhani, mja mzito ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, na kukauka maji mwilini kwaweza kuleta yale makazo ya kuzuga usiku kucha, sasa wajitesa kwa nini.

Miguu kuvimba jioni na kushuka asubuhi ni kawaida. Inyanyue juu ya mto.

8. Watu

Laiti ningejua, ningetaja tarehe ya uongo. Kwa mimba ya pili niliwaambia wote wiki mbili mbele, mavyaa pia (Mungu anisamehe), nikalala usingizi. Kama ushachelewa, mpe baba watoto kazi hiyo, yeye ndiye msemaji, "akishikwa nitawaambia". Na yeye usimruhusu kusafiri kuanzia wiki 38, wala kuzima simu.

Uliza kliniki mapema kama waruhusu mtu aingie na wewe leba, pahali pengine waruhusu pengine hapana. Mchague mtu ambaye hapigi kelele.

9. Begi na njia

Begi liwe karibu na mlango kuanzia wiki 36: kitabu cha kliniki na majibu yote ya vipimo, kitambulisho, leso nne hata tano za zamani safi, dera la vifungo mbele, pedi nene, sabuni, beseni dogo, ndara, nguo za mtoto na kofia na shali, pampasi, chaja, pesa taslimu ndogo ndogo. Uliza hospitali yako kama wataka ulete glavu na pamba. Flaski ya chai ya tangawizi na mahamri mawili sijaandikiwa na mtu ila mimi nakuandikia.

SHA, bima ya afya ya serikali, uiangalie sasa. Ile Linda Mama ya enzi za NHIF haiko tena, NHIF iliondolewa Oktoba 2024, kwa hivyo piga *147# uhakikishe umesajiliwa na hudaiwi, na uulize hospitali yenyewe ni nini chalipwa na nini watoa mfukoni. Usiku wa uchungu si wakati wa kutafuta namba ya siri.

Njia ndio mtihani wa Mombasa. Uko Likoni au Mtongwe, amua kama wazalia upande huo, Mrima au hospitali ya Likoni, au wavuka. Ukiambiwa wewe ni wa Makadara, yani hospitali kuu ya Coast General kisiwani, kwa sababu ya hali yako, vuka mapema, hamia kwa jamaa kisiwani wiki ya mwisho ukiweza, sababu feri yenda usiku kucha lakini ikiharibika moja foleni haina huruma na uchungu. Ambulansi hupishwa, tuk-tuk hapishwi mtu. Kuna barabara ya Dongo Kundu sasa kwa mwenye gari, lakini mzunguko ni mrefu. Wa Kisauni na Bamburi, asubuhi daraja la Nyali na jamu ya Kongowea yaweza kukumaliza, toka kabla ya saa kumi na mbili au usingoje dakika 5 zitimie. Wa Changamwe na Mikindani mna Port Reitz karibu. Weka namba za madereva wawili, si mmoja, na uwaulize wazi: saa nane usiku utashika simu? Wangu wa kwanza alisema "bila shaka mama" na usiku huo simu ilikuwa imezimwa. Wa pili alikuja na singlendi. Boda boda usipande, na masika ukijua mtaa wenu hujaa maji, mwambie dereva angoje barabara kubwa.

10. Ikifika 41

Nenda na skani yako ya kwanza mkononi. Uliza upimwe presha na mkojo, moyo wa mtoto usikizwe, na maji ya mtoto yaangaliwe kwa skani. Waweza kuulizwa kama nesi akuzungushie vidole kwenye mlango wa kizazi kuubandua utando. Haiko tamu, na baadaye waweza kuona matone ya damu na kuumwa kiuno, lakini kwa wengine uchungu huja wenyewe siku zinazofuata na wakaepuka dawa. Ni hiari yako, akuulize kwanza.

Kuanzishwa kwenyewe huwa kwa namna tofauti: tembe kwa dozi ndogo, au mpira wenye puto la maji wawekwa kwenye mlango wa kizazi uuvute ufunguke, alafu chupa, yani mfuko wa maji ya mtoto, kupasuliwa na dripu. Mlango ukiwa mgumu yaweza kuchukua siku nzima na zaidi, kwa hivyo mwambie mavyaa asianze kupika pilau. Nami mimba ya kwanza niliambiwa nianzishwe siku ya saba nikakataa nikarudi nyumbani, ujeuri wa ujana, kwa bahati nikashikwa mwenyewe ya tisa. Ya tatu nilipoambiwa nilikubali siku hiyo hiyo.

Ukifika mapokezi, kwa uchungu wowote uliokuleta, sema mambo haya kwa mpigo kabla halijaja lingine: mimba ya ngapi, wiki ngapi, uchungu ulianza saa ngapi na waja kila dakika ngapi, maji yametoka au bado na rangi gani, mara ya mwisho mtoto alicheza lini, na kama uliwahi kupasuliwa au una presha. Wakikupima wakasema bado, rudi nyumbani, sawa. Lakini usishuke kitandani kabla hawajasikiza moyo wa mtoto na kukwambia wamehesabu ngapi kwa dakika. Kati ya 110 na 160 ndio wataka kusikia.